Mota ya blowa ya AC inaungua mara ya tatu, niirudishe Kibuye ama niweke hii ya ECM?

mama_gesti_ksm
Wadau habari zenu. Naombeni msaada juu mafundi wawili wamenivuruga kichwa na mimi si mtu wa stima. Niko Riat hapa Kisumu, niko na nyumba nimeigeuza ka-gesti ka vyumba vitano. AC yake ni ile ya kupitisha hewa kwa dakti, yaani mabomba ya hewa, juu ya siling, si hizi za kubandika ukutani. Kaka yangu aliileta na kontena kutoka Marekani 2014, seti nzima. Mashine ya nje ilikufa 2017 tukanunua ingine hapa hapa Kenya, lakini ya ndani yenye blowa, ile feni ya kusukuma hewa, ni ile ile ya kontena.

Sasa shida ni mota ya blowa. Iliungua 2019 ikapelekwa Kibuye kwa jua kali ikawaindiwa, yaani ikafungwa waya wa kopa upya. 2022 ikaungua tena, ikawaindiwa tena. Na sasa tangu wiki iliyopita inanuka kama plastiki imeungua, ukishika kile kifuniko unaruka kwa joto. Fundi wa kwanza anasema tuirudishe Kibuye, 6,500 na maneno yameisha. Fundi wa pili, kijana mmoja anajua kuongea sana, anasema niachane na hiyo niagize mota inaitwa ECM, eti haitumii stima mingi, na bili yangu itashuka nusu. Bei yake 48,000 ikifika hapa, na 5,000 ya kuifunga. Nusu ya bili kwangu si mchezo juu kwa mwezi natoa kama 26,000 ya tokeni.

Kwa kibati cha mota imeandikwa 1/2 HP, 230V, 60Hz, 1075 RPM. Feni naiachanga ON kutoka asubuhi mpaka usiku, kama masaa 16, maana baba mkwe analala chumba cha mwisho na hataki hewa isimame. Ni ukweli ama naliwa?

omosh_wa_kondele
53,000 ya mota?? Mama hiyo ni feni za siling kumi na chenji ya samaki. Fungua madirisha, Riat kuna upepo mzuri kuliko sisi wa huku chini.

mama_gesti_ksm
@omosh_wa_kondele madirisha nikifungua jioni hao wadudu wa ziwa wanajaa kwa chai ya wageni. Nisaidie na jibu bwana, si kejeli.

fundi_baridi_naks
Madam pole. Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Nakuru, kazi yangu sana ni kold rumu na matanki ya maziwa huko Molo na Njoro, lakini blowa ni blowa. Nianze na hicho kibati juu hapo ndio ugonjwa uko na hakuna mtu amekuambia.

60Hz. Hiyo ni stima ya Marekani. Ya kwetu ni 50Hz na volti 240, na mara ingine usiku watu wakilala inapanda kupita hapo. Mota ya aina hiyo, ile ya kapasita, mbio yake inafuata Hz. Kule ilikuwa inazunguka 1075, hapa inazunguka kama 900 hivi. Kwa hivyo hewa imepungua, na si hewa tu, ile chuma ya ndani inabeba sumaku mingi kuliko ilivyotengenezewa, mota inakunywa stima inayogeuka joto bure. Ndio maana inaungua kila miaka mitatu. Wale wa Kibuye si wabaya, ni mafundi wazuri, lakini wanahesabu raundi za kopa zilizokuwa ndani wanarudisha hizo hizo. Kumaanisha wanakurudishia ugonjwa ule ule, na wakikosa waya wa saizi yake wanaweka mwembamba kidogo, sasa hapo ndio kabisa.

Kabla hujatoa hata shilingi mwambie fundi apime kapasita. Ni ile kopo ndogo ya aluminiamu iko kando ya mota, labda ya 10 mikrofaradi. Ikishuka mpaka 6 au 7 mota inapata moto hivyo hivyo na inanuka. Hiyo ni mia chache. Nimeona watu wakitupa mota nzima kwa sababu ya kapasita.

ECM sasa. Hiyo ni mota ya sumaku haina brashi, mgongoni iko na bodi inayogeuza stima kuwa DC halafu yenyewe ndiyo inaamua mota izunguke mbio gani. Kwa hivyo haijali kama ni 50 ama 60, mradi volti ni sawa, na nyingi zimeandikwa zote mbili. Mota ya kapasita ikitumia stima ya shilingi mia, arobaini hivi inapotea kama joto, na ukiiweka spidi ya chini inapotea zaidi. ECM inapoteza kama ishirini, ishirini na tano. Kijana hajadanganya hapo. Penye amedanganya ni nusu ya bili. Kinachokula stima kwa AC ni kompresa, ile pampu ya gesi kwa mashine ya nje, blowa inafuata kwa mbali.

Mwambie apime ampea na klampu mota ikifanya kazi, urudi na namba.

mama_gesti_ksm
Asante fundi. Kapasita imepimwa imesoma 9.6 kwa hivyo sio hiyo. Klampu imesoma ampea 2.6, na volti kwa soketi 238. Hiyo ni mingi ama kidogo?

mwalimu_hesabu_maseno
Wacha mimi niingilie juu fizikia ndio mkate wangu. 2.6 mara 238 ni 619, toa kidogo kwa sababu ya mota, tuseme wati 580. Masaa 16 kwa siku ni yuniti 9.3. Kwa bei ya 30 bob yuniti, ukishaweka zile kodi na fueli na vitu vyote KPLC inaongezanga, hiyo ni kama 280 kwa siku, 8,400 kwa mwezi. Ya feni peke yake!

Sasa 26,000 yako kwa mwezi ni kama yuniti 29 kwa siku. Feni ni 9.3 kati ya hizo 29. Hata kama hiyo ECM ingekunywa hewa badala ya stima, bili ingeshuka theluthi. Nusu haipatikani popote, hiyo ni hesabu ya mtu anayeuza mota.

Lakini mama usiitupe bado. Kuna kitu watu hawajui kuhusu feni. Hewa inayopita inafuata mbio ya feni, lakini stima inayohitajika inafuata mbio mara mbio mara mbio. Ukizungusha feni nusu ya mbio, hewa ni nusu lakini kazi ni moja ya nane. Mota ya kapasita haiwezi kufaidi hii, ukiishusha spidi inateleza tu na kuchemka. ECM inafaidi. Kompresa ikiwa inafanya kazi, hiyo feni itataka labda wati 400. Kompresa ikizima na unataka tu hewa itembee, inashuka mpaka 100 hivi.

Kompresa yako inafanya kazi masaa mangapi kwa siku?

mama_gesti_ksm
Nikikisia masaa matano. Asubuhi hatuwashi, ni mchana wa saa saba mpaka jioni na usiku kidogo wageni wakiwa wengi.

mwalimu_hesabu_maseno
Basi masaa 5 kwa wati 400 ni yuniti 2, masaa 11 kwa wati 100 ni 1.1. Jumla 3.1 badala ya 9.3. Unaokoa yuniti 6.2 kwa siku, kama 5,500 kwa mwezi. 53,000 inarudi kwa miezi kumi hivi. Kwa kweli mimi ningenunua.

mulembe_kk
Mulembe watu wangu. Mwalimu hesabu yako tamu lakini umesahau radi. Mimi niko Kakamega, na huku kwetu mpaka Kisii na hapo kwa ziwa hakuna mtu hajaona radi ikichoma kitu. Kanisa letu liliweka AC ya kisasa ya hizo bodi bodi. Miezi minne. Mvua ya saa kumi ikapiga, stima ikaenda, ikarudi na kishindo, bodi ikatoa moshi kama chetezo. Na hiyo mota hakuna jua kali atakuwaindia, ikifa bodi unanunua bodi, na bodi iko ng'ambo. Hii ya zamani ya kopa ukiiunguza leo, kesho jioni iko kazini tena. Msidharau vitu vinavyotengenezeka.

fundi_baridi_naks
@mulembe_kk hapo umesema ukweli siwezi kukataa. Mtu akiweka ECM bila gadi ya stima anacheza kamari. Na si ile ndogo ya friji ya kuchomeka ukutani, unataka ya AC inayofungwa na waya, yenye kukata volti zikipita kiasi na yenye kungoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha stima. Halafu kwa mita kubwa weka kile cha kumeza radi, na erthi iwe erthi ya ukweli, si waya umefungwa kwa nondo ya dirisha kama nilivyopata kwa mtu hapo Section 58 mwaka jana, hata sisemi zaidi.

Na @mama_gesti_ksm kama fundi ataifungua ECM siku moja, azime brekka na angoje dakika tano nzima. Kapasita za kwa bodi zinabaki na stima ndani hata ikiwa imezimwa, zinaweza kumpiga.

jaduong_minneapolis
Amosou! Mimi ni wa Seme lakini niko Minneapolis miaka 15 sasa. Hizi mota huku ni za kila nyumba. Serikali iliweka sheria kwamba tanuru zote za kupasha nyumba joto zinazotengenezwa kuanzia Julai 2019 blowa yake ifikishe kipimo fulani cha kutobugia stima, na kwa kawaida hiyo ni ECM. Kwa hivyo ukinunua mpya huku unapata tu.

Lakini huku blowa inafanya kazi kubwa wakati wa baridi, Januari inafika chini ya sifuri kwa digrii 20 na kitu, tanuru ya gesi inawaka na blowa inasukuma moto kwa vyumba. Kitu kimoja nilijifunza: mota mbaya inayopoteza stima, ile joto yake inaingia kwa hewa. Wakati wa baridi ni kama inakusaidia kupasha nyumba, kwa hivyo ukiweka ECM unaokoa stima lakini gesi inapanda kidogo. Kisumu ni kinyume, nyinyi mko baridi ya kununua mwaka mzima. Joto la mota inabidi kompresa ilitoe tena. Unalipa kulitengeneza halafu unalipa kulifukuza. Kwa hivyo faida yenu ni kubwa kuliko yangu.

Ya pili, na hii ilinipiga mimi mwenyewe. ECM ziko aina mbili. Moja inashika nguvu moja tu ya kuzungusha. Ingine inang'ang'ana na kiasi cha hewa, yaani ukiiambia ipitishe hewa fulani itapitisha hiyo hewa hata kama njia imeziba, itajikaza. Mimi nilikuwa nayo hiyo ya pili na nikaweka filta nene ya kuzuia vumbi la paka, dakti zenyewe nyembamba. Bili ikapanda! Mota ilikuwa inapigana na filta. Sasa swali kwa mama: dakti zako na filta zilifunguliwa lini mara ya mwisho?

mama_gesti_ksm
Jaduong' umenishika. Filta naoshanga kila mwezi lakini hiyo pipa ya blowa haijawahi kufunguliwa tangu 2022. Wacha nimwite yule kijana Jumamosi.

omosh_wa_kondele
Jumamosi ndio hiyo, tungoje ripoti kama ya kamati ya bunge

mama_gesti_ksm
Ripoti. Aki nimeona mambo. Hiyo pipa ya blowa iko na mapanga madogo madogo yamejikunja kama vijiko, na kila kijiko kimejaa uji mkavu mweusi. Ni wale wadudu wa ziwa. Wamepita kwa ufa wa dakti, wakachanganyika na vumbi na unyevu wakawa kama simiti. Tumetoa nusu karai. Dakti ya chumba cha baba mkwe panya wametoboa karibu na kona, hewa yote ilikuwa inamwagika kwa siling. Kumbe mzee amekuwa akilalamika kwa haki miaka yote na sisi tunasema ni uzee.

Tumeosha, tumeziba na ile tepu ya aluminiamu. Mzee anasema sasa baridi imezidi na ameomba sweta.

Mota bado inachemka lakini.

dada_wa_kiamunyi
Samahani nimechelewa kufika. Nimesoma yote na hakuna mtu ameuliza kitu kimoja. Kwa nini feni iko ON? Kwa kile kidude cha ukutani si kuna ON na AUTO? Ikiwa AUTO feni inawaka kompresa ikiwaka na inazima kompresa ikizima. Mwalimu rudia hesabu yako na masaa matano peke yake.

Na ni zaidi ya stima. Nilifanya kazi kwa hoteli Kisumu miaka mitatu, idara ya matengenezo. Koili, ile ya ndani inayopoza hewa, ikifanya kazi inakuwa na maji, ule unyevu imetoa kwa hewa. Kompresa ikizima na feni ikaendelea, yale maji yanapigwa na hewa yanarudi kwa vyumba. Ndio maana mashuka yanakuwa na ile baridi ya kunata na kuta zinaota ukungu. Kwa Nakuru sisi hatujali, hewa ni kavu, lakini hapo kando ya ziwa ON masaa yote ni kujimwagia maji mwenyewe.

mwalimu_hesabu_maseno
Nimejipiga kofi. Dada yuko sawa kabisa. Ukiweka AUTO, ile mota yako mbovu ya sasa inafanya masaa 5, yuniti 2.9. Umeokoa yuniti 6.4 kwa siku, zaidi ya zile 6.2 za ECM, na haujatoa hata shilingi. Sasa ukiwa kwa AUTO halafu ununue ECM, inakuokolea 0.9 tu kwa siku, kama 810 kwa mwezi. 53,000 itarudi baada ya miaka mitano na kitu. Naomba radhi kwa ushauri wangu wa kwanza.

mulembe_kk
Miaka mitano ya radi 😂

fundi_baridi_naks
Dada wa Kiamunyi ukitaka kazi nipigie inboksi.

Lakini madam bado unahitaji mota, usidanganywe na AUTO ukaiacha hiyo. Iko njia ya katikati. Tafuta mota ya kapasita ya 50Hz, poli sita (poli ni ncha za sumaku ndani ya mota), 900 RPM hivi, nusu HP. Hewa itakuwa ile umezoea na haitachemka juu ni ya stima yetu. Mtu asikuuzie ya poli nne, hiyo inakimbia 1400 na hiyo pipa itaizidi nguvu iungue kwa wiki. Na angalia shafti, ile fimbo inayozunguka: ya Marekani ni nusu inchi, karibu milimita 13, ya hapa unaweza kupewa ya 12, mtu aikaze na bolti aseme imeshika. Haijashika. Itatikisika, beringi zitalia mwezi wa pili. Apeleke kwa tana, fundi wa kuchonga vyuma, apate bushi safi ya kujaza hiyo nafasi.

mama_gesti_ksm
Niko AUTO siku kumi na mbili leo. Nilikuwa naandika mita kila asubuhi saa moja kabla ya chai. Nilikuwa nachoma 29, sasa ni 22, siku moja ya mvua ikawa 19. Mashuka ya chumba namba tatu yamekauka vizuri, na hata harufu ya mota imepungua juu haifanyi kazi siku nzima. Mzee nimemwekea feni ndogo ya kusimama ya wati 50, anaiita sekretari wake.

Mota ya 50Hz nimepata mjini 14,500, poli sita, nimesoma kibati mwenyewe nikiwa nimevaa miwani, muuzaji akaniuliza kama mimi ni injinia. Inafungwa Jumanne.

Ile ECM sijaitoa kwa roho kabisa juu nataka kuweka sola mwaka ujao, na mtu wa sola amesema mota ikianza polepole inverta, ile mashine ya kugeuza stima ya sola, inashukuru. Kaka anakuja Disemba. @jaduong_minneapolis unaweza kumwambia anunue gani?

jaduong_minneapolis
Ile ya kushika nguvu moja, si ile ya kung'ang'ana na hewa. Ziko za kubadilisha mota za zamani, Genteq Evergreen IM ama US Motors Rescue EcoTech, achague ya volti 230 asije akaleta ya 115. Na mwambie aibebe kwa begi ya kuingia chini, ni nzito, asijaribu kuipitisha mkononi watamfungua airport wakidhani ni kitu kingine.

fundi_baridi_naks
Kabla anunue, Jumanne mota ikitolewa piga picha ya shafti, upime urefu, na usimame upande wa shafti uone kama inazunguka kama saa ama kinyume. Weka picha hapa.